Taa ya chujio la masizi kuwaka mara kwa mara

Ndugu, umeuliza kwa nini taa ya chujio la masizi (kifaa kwenye bomba la moshi kinachonasa masizi ya injini) inawaka mara kwa mara ilhali gari lako la dizeli huzunguka Tabora mjini tu. Sababu ni hizo safari fupi zenyewe: masizi yaliyonaswa huungua pale chujio linapofikia joto la nyuzi takriban 600, na injini isiyopata moto wa kutosha haifiki huko. Kila wiki toka na barabara ya Nzega, uendeshe zaidi ya kilomita 60 kwa saa kwa dakika 20 bila kusimama. Ukirejea nyumbani ukasikia injini inanguruma juu kuliko kawaida na feni inazunguka kwa nguvu, usiizime, kwani uchomaji wa masizi haujaisha. Oili iwe ya majivu kidogo, maana majivu ya oili hayaungui kama masizi, hubaki yakiziba chujio. Tafadhali usikubali fundi alitoboe chujio. Masizi yatakayopita hapo watayavuta watoto wa majirani zako.