Rekodini mada, mjadala uacheni

Mkuu, umeuliza kama jamii yenu ya programu huria irekodi kila mkutano wa mtandaoni, na video ziwekwe wapi. Kwenye mradi wetu kazi hiyo naishika mimi, na jibu langu ni fupi: rekodini mada tu. Maswali na mjadala vibaki nje.

Mchangiaji mgeni anayetaka kuuliza kwa nini kiraka chake (mabadiliko ya msimbo aliyoyatuma) kimekataliwa hunyamaza akiona ile alama nyekundu ya kurekodi. Sisi tulipoanza kuzima rekodi mara tu mada inapokwisha, tulianza kusikia watu ambao miezi yote walikuwa majina tu kwenye orodha. Waliokosa mkutano tunawaandikia muhtasari kwenye Etherpad, daftari la mtandaoni la kuandikia pamoja, bila kutaja nani alisema nini.

Ila msikiamini kitufe cha kurekodi bila kukagua. BigBlueButton (programu huria ya mikutano ya video) ya matoleo ya zamani, ikiruhusiwa kurekodi kikao, ilinasa kikao kizima. Kitufe kiliweka alama tu za sehemu ya kuchapishwa. Mwulizeni msimamizi wa seva yenu imewekwaje.

Ruhusa iombwe kwenye tangazo la mkutano, si watu wakishaingia. Mtoa mada naye aambiwe leseni mapema. Ya kwetu ni CC BY-SA 4.0, leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutumia na kubadilisha kazi mradi mwenyewe atajwe na leseni ibaki ileile, na hiyo haina kurudi nyuma: hata mkiiondoa video, aliyekwisha kuipata kwa leseni hiyo haki zake ziko palepale.

Kuhusu vifaa, Jitsi, programu nyingine huria ya mikutano, ikitakiwa kurekodi kwenye seva yenu huhitaji programu ya ziada iitwayo Jibri, ambayo huingia mkutanoni kwa kivinjari kilichojificha na kunasa kinachoonekana. Jibri moja, mkutano mmoja kwa wakati, na hula prosesa kwelikweli. Mimi natumia OBS Studio, programu huria ya kurekodi skrini, kwenye kompyuta yangu. Hifadhi kwa MKV, usihifadhi moja kwa moja kwa MP4 ya kawaida (zote ni aina za faili za video), maana umeme ukikatika katikati faili ya MP4 mara nyingi haifunguki tena. OBS yenyewe itaigeuza kuwa MP4 baadaye bila kuchakata picha upya. Tenga pia sauti yako na sauti ya mkutano, kila moja na njia yake ya sauti ndani ya faili; siku mbwa wa jirani akibweka utanishukuru.

Uhariri usiwatese. Kata mwanzo na mwisho kwa ffmpeg, programu ya amri ya kuchakata video, sawazisha sauti kwa kichujio chake cha loudnorm, basi. Picha ikiwa na ukungu watu huvumilia, lakini sauti inayopanda na kushuka huwafukuza.

Manukuu natoa kwa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, kisha nayasoma yote, kwa sababu huboronga majina ya amri na maktaba za msimbo, na Kiswahili hukikosea zaidi kuliko Kiingereza.

Pa kuweka? YouTube ndiko watu wanakotafuta, kwa hiyo wekeni huko hata kama hampendi. Nakala ya pili iende PeerTube, mtandao huria wa video unaoendeshwa na seva nyingi, kwenye seva yenye sera mnazokubaliana nazo (angalieni kikomo cha nafasi), na ya tatu Internet Archive, maktaba ya kidijitali ya mtandaoni. Wikimedia Commons, hifadhi ya picha na video ya Wikipedia, haipokei MP4, huko pelekeni WebM, aina nyingine ya faili ya video.

Kiungo kiwekwe ndani ya nyaraka za mradi, kwenye ukurasa wa kipengele kilichozungumziwa, pamoja na dakika kinapoanza. Kwetu watazamaji wengi hutoka huko, si kwenye tangazo.