Ulimi mzito si ugonjwa mmoja

Mdogo wangu unayekuja kusoma tiba ya Kichina, wiki yako ya kwanza kwenye wodi ya kiharusi utaandika herufi nne zilezile kwenye faili la karibu kila mgonjwa: yanyu jianse. Maana yake maneno yanakwama, yanatoka yamelemaa, kama ya mtu aliyetia uji wa moto mdomoni. Mimi niliziandika mara nyingi mno, na mara moja nikamwandikia mtu ambaye ulimi wake haukuwa na kasoro yoyote.

Ilikuwa Guangzhou, mwaka wangu wa nne. Mzee alilazwa kwa ganzi ya mkono wa kushoto. Nikamsalimu "yeye", ambayo kwa Kichina ni babu (utazoea, mwanzoni utacheka), nikakaa naye dakika kumi nisiambulie hata sentensi moja. Nikaandika yanyu jianse, nikaridhika. Laoshi, yaani mwalimu wangu, akasoma faili, akamgeukia mke wa mzee na kumuuliza: "Huongea hivi siku zote?" Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Mzee alikuwa akizungumza lugha ya Chaoshan, ya kwao mashariki mwa Guangdong, tena safi kabisa. Mgonjwa wa lugha siku ile nilikuwa mimi.

Kwa hiyo swali la laoshi ndilo la kwanza. Muulize aliyekuja naye kama ndivyo anavyoongea siku zote, na kama sivyo, tangu lini. Uliza pia kama meno yake ya bandia yamebaki nyumbani. Usione haya.

Ukishahakikisha kwamba usemi umebadilika kweli, usikimbilie sindano. Sikiliza umebadilika vipi. Kuna mgonjwa ambaye maneno anayo yote kichwani, ila ulimi na midomo havimtii. Mpe kalamu, ataandika vizuri kama mkono wake mzima. Kuna mwingine ambaye ulimi ni mwepesi lakini neno limepotea: unamwonyesha saa, anakuambia kijiko, au anajua si kijiko na machozi yanamtoka kwa hasira. Na kuna ambaye maneno ni sahihi ila sauti imekauka. Mwambie ataje vitu vitatu, arudie sentensi fupi, afumbe macho ukimwamuru bila kumwonyesha kwa ishara. Kama hujui lugha ya kwao, mwite muuguzi mwenyeji. Vitabu vya kale mara nyingi huwaweka wagonjwa hawa karibu karibu, ulimi mgumu asiyesema, au bubu wa ghafla, na usipokuwa makini utawatibu wote kama mtu mmoja.

Sasa nadharia, na hapa usiwe mvivu. Utaimbishwa kwamba moyo hufungukia kwenye ulimi, na ulimi ni chipukizi la moyo. Wengi huishia hapo. Soma sura ya 10 ya Lingshu, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, ile ya njia za qi (nguvu ya uhai), ufuatilie kwa kidole ni zipi zinazofika kwenye ulimi. Njia ya wengu huungana na shina la ulimi na kutawanyika chini yake. Njia ya figo hupanda kooni na kulibana shina hilo kwa pande zote mbili. Tawi la moyo linaloanzia nukta ya Tongli, pale juu kidogo ya kifundo cha mkono, nalo hufika hapohapo, na kitabu kinasema likipungukiwa mtu hawezi kusema. Ukishaiona ramani hiyo utaelewa kwa nini wagonjwa wawili wenye ulimi mzito hupewa dawa zisizofanana hata kidogo. Mmoja ni mnene, utando wa ulimi wake ni mzito na unateleza, anakoroma kwa makohozi: hapo wanasema upepo na kohozi vimeziba njia. Mwingine amepauka, amechoka, mate yanamchuruzika, ulimi una rangi ya zambarau: qi imepungua mpaka damu imetuama. Mzee sana mwenye miguu isiyo na nguvu na sauti iliyokwisha atahesabiwa upande wa figo, na utamwona akiandikiwa Dihuang Yinzi, dawa ya tabibu Liu Wansu ya karne ya 12.

Huyo wa qi pungufu ndiye atakayekukutanisha na Wang Qingren, na mimi nampenda tabibu huyu. Alikwenda makaburini kuangalia maiti kwa macho yake kwa sababu hakuviamini vitabu, na mwaka 1830 akachapisha kitabu cha kuwasahihisha waliomtangulia. Ndiye aliyeandika kwamba akili ziko kwenye ubongo, si moyoni. Dawa yake, Buyang Huanwu Tang, ina mzizi wa huangqi liang nne (kipimo cha kale cha uzito), ambazo darasani huhesabiwa gramu 120, na vingine sita, pamoja na nyungunyungu waliokaushwa, kila kimoja gramu chache tu. Mgeni akiona hizo 120 huzinakili kama zilivyo. Wakubwa huanza na 30 hadi 60 na kupandisha taratibu. Na mgonjwa mwenye uso mwekundu, kichwa kinachogonga na mapigo yaliyokaza kama waya, huyo usimpe kabisa.

Ipo pia Jieyu Dan, yaani kidonge cha kufungua maneno. Jina hilo limewaponza wengi. Ndani yake mna mizizi ya baifuzi na nanxing, pamoja na nge, vitu vyenye sumu visipotayarishwa na kupimwa na anayejua. Ndugu watakuandikia WhatsApp uwatumie. Usitume.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia nikaligundua kwa hofu: ulimi uliozembea kusema mara nyingi umezembea kumeza pia. Kabla ya kumpa mgonjwa kikombe cha dawa iliyochemshwa, muuguzi ampime kwa maji, mililita 30, akiwa amekaa. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji, acha. Dawa bora ya nchi nzima ikiingia mapafuni ni nimonia.

Sindano zenyewe utafundishwa. Nukta ya Lianquan, juu ya kikoromeo, utaichoma kila siku. Jinjin na Yuye ni mishipa miwili ya buluu chini ya ulimi, hutobolewa itoe damu kidogo. Shika ulimi kwa shashi, vinginevyo utakuponyoka, na kwanza uliza kama mgonjwa anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Njia ya tabibu Shi Xuemin, iliyoanzia Tianjin mwaka 1972, huchoma Renzhong, chini ya pua, mpaka macho yajae machozi. Mweleze mgonjwa mapema, maana inauma. Yamen, "mlango wa bubu", ipo kisogoni, na hiyo usiiguse bila mwalimu pembeni. Ncha huelekezwa kwenye kidevu, kamwe si juu, kwa kuwa nyuma ya pale kuna shina la ubongo.

Je, inasaidia? Nimeona watu wakirudi kusema. Nimeona pia wanaorudi kusema bila sindano, kwa sababu miezi ya mwanzo ubongo hujitengeneza wenyewe, na kwa sababu kuna mtu aliyewafanyisha mazoezi ya usemi kila asubuhi. Tafiti ni nyingi, nyingi kati yake ndogo na ubora wake haulingani. Kwa hiyo usimwahidi mtu tarehe, na zoezi la usemi usiliache hata kama laoshi wako halipendi.

Na hayo yote ni ya baadaye. Usemi ukilemaa leo, ghafla, hata hospitali ya tiba ya Kichina humkimbiza mgonjwa kwenye kipimo cha CT, picha ya ubongo, kwanza, kujua kama ni damu iliyovuja au mshipa ulioziba. Kama umeziba, dawa ya kuyeyusha donge ina saa nne na nusu tu tangu dalili zianze.

Hili la mwisho lina aibu yangu. Kiharusi kwa Kichina ni zhongfeng, neno kwa neno kupigwa na upepo. Mwaka wa pili shangazi alinipigia kutoka Tanga, mjomba amekuwa na ulimi mzito tangu asubuhi, nami kwa kujionyesha nikamweleza kwamba Wachina wanasema ni upepo. Kwetu pwani upepo una maana nyingine. Kufika jioni walikuwa wanatafuta mtu wa kuupunga. Alipelekwa hospitali siku ya pili. Anaongea, ila jina langu halitamki vizuri mpaka leo. Siku hizi wakinipigia, nauliza ameanza saa ngapi, na gari liko wapi.