Barua kwa mwanangu kuhusu wasichana wanaowinda majasusi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika. Swali lako nimeona nilijibu kwa maandishi, maana kwenye simu muda hautoshi. Umeniuliza ninapata raha gani kwenye riwaya za kale za Agatha Christie, hasa zile za wasichana wanaokimbizana na majasusi, na imekuwaje nikazipenda ilhali Mwafrika humo ni mtumishi au mbeba mizigo tu.

Nianze na raha, na raha yenyewe inaanza na Tuppence. Anatokea mwaka 1922, katika The Secret Adversary. Vita Kuu ya Kwanza imekwisha, kazi ya hospitali ya maofisa imekwisha nayo, na binti huyu wa kasisi yuko London hana mbele wala nyuma. Tunasimuliwa alivyopandishwa cheo huko hospitalini: mwezi wa kwanza aliosha sahani 648 kila siku, mwezi wa pili akapanda kuzikausha, mwezi wa tatu akapanda kumenya viazi. Mwandishi alijua anachosema. Wakati wa vita Christie mwenyewe alijitolea kama muuguzi mjini Torquay, kisha akahamia chumba cha dawa, na huko ndiko alikojifunza sumu.

Basi Tuppence anakutana na rafiki yake wa zamani, Tommy, aliyefilisika vilevile. Wanakwenda kunywa chai, na kabla hawajaachana wameshatunga tangazo la gazeti: vijana wawili wako tayari kwa kazi yoyote, mahali popote, mradi malipo yawe mazuri. Hapo ndipo aliponishika. Wasichana wa Christie wanaingia hatarini mfuko ukiwa mtupu, na umaskini wao unawatia akili. Wakati ule maelfu ya wanawake wa Uingereza walikuwa wameambiwa asanteni, rudini nyumbani, wanaume wamerejea. Tuppence hakurudi.

Kisha kuna Anne Beddingfeld wa The Man in the Brown Suit, kitabu cha 1924. Baba yake, profesa, amekufa na kumwachia pauni 87 na chenji. Siku moja, kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi London, mtu anashtuka, anarudi nyuma na kuangukia kwenye reli ya umeme. Anne anaokota kikaratasi chenye tarakimu chache na maneno mawili: Kilmorden Castle. Anadhani ni jumba la kifahari mahali fulani, kumbe ni meli iendayo Cape Town. Nauli ya daraja la kwanza ni pauni 87. Analipa. Kila nikifika hapo moyo unanienda mbio, ingawa najua fika kitakachofuata.

Na hapa hapa ndipo swali lako la pili lina uzito. Christie alifika kweli Afrika Kusini mwaka 1922, akiwa na mumewe, kwenye msafara wa kutangaza maonyesho ya himaya ya Uingereza. Alikuta wachimba migodi weupe wa Johannesburg wamegoma hadi kushika silaha, na maasi hayo akayaingiza kitabuni. Ndani ya riwaya, vurugu zinachochewa na kigogo mmoja wa uhalifu anayeuza silaha. Katika historia, wenye migodi walitaka kuwapa Waafrika baadhi ya kazi za wazungu kwa ujira wa chini, na wagomaji wakaandamana wakidai Afrika Kusini ya watu weupe. Mchimba migodi Mwafrika, ambaye ugomvi wote ulimhusu, hana la kusema katika kitabu kile. Anne anapita, anastaajabia Maporomoko ya Victoria, ananunua wanyama wa kuchonga njiani, basi. Hilo ni pengo, mwanangu, na silifuniki. Nasoma nikiwa na historia upande mmoja na riwaya upande wa pili, na ujasiri wa Anne bado naupenda. Naweza kumshangilia msichana nikaikataa himaya anayosafiri ndani yake.

Victoria Jones wa They Came to Baghdad, 1951, nitamtaja kwa ufupi, maana namtaka umsome mwenyewe. Ni mpiga chapa London, kibarua kimeota nyasi kwa sababu alimwigiza mke wa bosi. Anamfuata kijana aliyempenda kwa dakika chache tu bustanini, hadi Baghdad, akisema uongo kila kituo kwa ufundi wa ajabu. Usiku mmoja jasusi aliyejeruhiwa anaingia chumbani kwake hotelini na kufia humo. Sehemu ya kitabu inayohusu uchimbaji wa mabaki ya kale ina harufu ya vumbi la kweli: Christie aliishi Iraki misimu mingi na mume wake wa pili, mwanaakiolojia, na huko Nimrud, mji wa kale wa nchi hiyo, alisafisha vinyago vya pembe za ndovu kwa krimu yake ya uso.

Lakini ninayempenda kupita wote ni Tuppence mtu mzima. Katika N or M?, cha 1941, ana miaka arobaini na kitu na watoto wakubwa. Vita nyingine imeanza. Serikali inamtaka Tommy, sasa mumewe, peke yake akawasake majasusi wa Wajerumani katika nyumba ya wageni ufukweni. Tuppence anajifanya ameitwa nje, anabana chumba cha pili, anasikiliza kila neno. Tommy anapofika kule kwa jina la bandia, anamkuta mama mmoja mjane akifuma. Ni mkewe. Binti yao, Deborah, anafanya kazi ya misimbo ya siri, na anamhurumia mama kwamba hana la kufanya!

Kitabu hicho kiliwashtua hata wana usalama wa Uingereza, kwa kuwa mhusika mmoja anaitwa Meja Bletchley, na Bletchley ndiko ilikofichwa kazi ya kufumbua misimbo ya adui. Christie alipodadisiwa alieleza kwamba treni yake iliwahi kukwama hapo, akalipiza kwa kumpa jina hilo mhusika asiyempenda.

Ninatamani tungekuwa na Tuppence wetu. Mpelelezi Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla namheshimu, jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba alitunyima usingizi, lakini wote ni wanaume. Msichana wa Tanga mwenye nauli ya kwenda tu, anayepanda boti kumfuata mtu asiyemjua, ningemsoma usiku kucha.

Anza na kitabu cha 1922, kipo kwenye kifurushi pamoja na khanga. Ukifika katikati nipigie uniambie unamshuku nani.

Mama yako