Kwa mnaoanza kazi ya methani

Wadogo zangu mliojiunga nasi hapa Tunguu kuchunguza kwa kompyuta namna methani inavyoungua, nimezisoma ripoti zenu za mwanzo na nimekuta makosa yale yale ya waliowatangulia, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwa mkali kidogo.

1. Mlinganyo wa methani na oksijeni kutoa kaboni dioksidi na maji ni hesabu ya kinachoingia na kinachotoka, wala hauelezi njia. Kwenye joto kali methani hunyang'anywa atomu moja ya hidrojeni, na radikali ya methili inayobaki (radikali ni kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenza) ni kaidi: haishikani na oksijeni kwa wepesi, bali hukutana na mwenzake wakafanya ethani. Ndiyo maana methani huchelewa kuwaka kuliko ethani yenyewe.

2. Angalieni vizio. Faili la GRI-Mech 3.0, yaani orodha ya hatua za kuungua kwa gesi asilia ambayo programu huisoma, lenye mimenyuko 325 na spishi (aina za molekuli, atomu na radikali) 53, huandika nishati amilishi, yaani kizingiti cha nishati ambacho mmenyuko hauna budi kukivuka, kwa kalori kwa moli. Mimi nilipoongeza thamani zangu nilizozitoa kitabuni, niliziingiza kwa jouli, ukiwemo mmenyuko wa atomu ya hidrojeni na oksijeni unaozaa radikali mbili kutokana na moja. Nishati yake ni kama kilojouli 70 kwa moli; programu ikazidhani jouli zangu ni kalori, na kwa kuwa kalori moja ni jouli 4.184, ikaisoma kama 293, na kwa kelvini 1500 kasi ya mmenyuko huo ikapungua takriban mara milioni 60. Mchanganyiko ukagoma kuwaka. Nikalaumu data za joto, nikalaumu shinikizo, nikamlaumu hata mwenzangu aliyeniwekea programu, maskini, naye akanyamaza kwa adabu. Baya zaidi, nilikwishaanza kuandika aya ya kueleza kwa nini methani "haiwaki", na ilikuwa aya nzuri. Sasa nawaona nyinyi mnanakili thamani bila kutazama kichwa cha safu, moyo unanipasuka.

3. Mkichunguza methani inavyovunjika kwa joto bila oksijeni, ichanganyeni methani kidogo ndani ya argoni nyingi, gesi isiyomenyuka, kwani mmenyuko hunywa joto na bila argoni hiyo halijoto ya jaribio lenu itashuka. Fuateni ethani, ethilini, asetilini, kisha masizi.

4. Kaboni monoksidi ikibaki nyingi, tafuteni hidroksili (radikali ya OH), kwa sababu ndiyo hasa inayoigeuza kuwa dioksidi. Wenye majiko ya gesi ya samadi, ambayo zaidi ni methani, kule Pemba wana mfano jikoni: ulimi wa moto ukigusa sufuria yenye maji baridi, gesi hupoa kabla hatua hiyo haijakamilika, na monoksidi hutoka pembeni.