Wimbo anaukumbuka, jina langu hapana

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 78, na huu ni mwaka wa nne tangu daktari aseme ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Siku hizi ananiita dada yake, au ananiuliza mimi ni mgeni wa nani. Lakini nikianzisha wimbo aliokuwa akituimbia wakati wa kufua, anaumaliza beti zote tatu. Juzi nililia mbele yake, akaangua kicheko. Je, anajifanya? Mbona machozi yangu hayamgusi?
Binti wa pili

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hajifanyi. Nami nilimshuku hivyo hivyo baba yangu nilipokuwa namuuguza. Shati lilimshinda, mkono akiupitisha kwenye kola, lakini ukipiga mluzi ubeti wa kwanza alikupokea wa pili, na ukikosea alikukunjia uso.

Jina lako na wimbo ule havikuwekwa mahali pamoja. Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu hipokampasi na jirani zake, sehemu za ubongo zinazotunza mambo mapya. Wimbo ulioimbwa miaka na miaka umeshikwa kwingine pia, hata na sehemu zinazopanga mwendo wa mwili. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha picha za ubongo, wakakuta sehemu zinazohusika na nyimbo tulizozizoea ni miongoni mwa zile zinazochelewa kusinyaa. Ukimfundisha wimbo mpya leo, huenda kesho wimbo huo usiwemo kichwani mwake.

Kusoma uso nako ni kazi nyingine kabisa. Wagonjwa wengi huendelea kuitambua furaha usoni mwa mtu wakati huzuni na hofu zimeshaanza kuwapotea. Uso unaolia hukunjamana na meno kuonekana. Pengine mama aliona cheko, akacheka nawe. Usiuachie uso kazi hiyo. Mshike mkono, mwambie polepole, "Nina huzuni."

Ila kama ubaridi huo ulitangulia usahaulifu, mwambie daktari. Ipo aina ya dimensia, yaani maradhi ya kudhoofika kwa akili, inayoshambulia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, na hiyo humwondolea mtu mapema uwezo wa kutambua hisia za wenzake, hata kujua kama muziki ni wa huzuni au wa furaha.

Wimbo wenyewe utumie kabla ya kumwogesha, televisheni ikiwa imezimwa. Na umtazame. Kuna mmoja uliomliza baba kila mara, nami nikauendeleza nikidhani ni machozi mema, mpaka kaka yangu akanikumbusha kwamba ndio ulioimbwa siku ya kumzika mama yake. Mazishi yenyewe ukimuuliza hakuyajua. Nikaacha kuuimba.

Akikuita dada yake, itika tu. Mimi niliitwa fundi saa mwaka mzima, na siku moja nikakabidhiwa saa nitengeneze.