Simu ilipigwa nikiwa nimeshika kikombe cha mafuta

Juzi kijana mmoja kaniandikia, kamaliza mafunzo ya urubani, anataka nimpe siri moja tu. Nimefurahi maana najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo ya kukaa kiti cha kushoto, kiti cha rubani mkuu. Siri ninayo, ila ilinigharimu.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, hapahapa kiwanja cha Dodoma. Mvua ilinyesha usiku kucha, Cessna 206 yetu imelala nje, asubuhi nina abiria watatu wa Ruaha. Ukaguzi nikauanza vizuri tu, bawa la kushoto nikatoa mafuta chini ya tanki, nikainua kikombe juani kuangalia kama kuna maji, bluu safi kabisa, rangi ya mafuta yetu. Hapo simu ikaita. Bosi. Abiria wanalalamika, mnachelewa, nikawa namjibu huku natembea, nilipokata nikajikuta nimeinama kwenye tairi la mbele na kichwa kinaniambia mabawa yote tayari.

Tanki la kulia ndilo lilikuwa na mafuta mengi, nikageuza swichi injini inywe kutoka huko. Nimeshaanza kukimbia ili niruke, injini ikakohoa, ikakohoa tena, nikakata moto na breki zote. Tulisimama njia ikiwa bado imebaki, namshukuru Mungu. Mama aliyekaa nyuma yangu alikuwa kashika kiti changu mpaka kucha zimeacha alama.

Tuliporudi nikatoa mafuta chini ya tanki la bawa la kulia. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, na kikombe kilikuwa karibu nusu maji meupe, juu yake bluu kidogo. Mpira wa kifuniko cha tanki ulikuwa umepasuka, mvua imeingia usiku mzima. Ningegundua kwa sekunde kumi.

Kazi niliipoteza mwezi uleule. Aliyenipigia simu alibaki, na mpaka leo inaniuma, sitaficha.

Sasa nisikilizeni wadogo zangu. Uzoefu haukulindi. Mwaka 1935 kule Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka na rubani hodari kabisa kwenye usukani, kisa kufuli za usukani, zile za kuuzuia usitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, hazikufunguliwa kabla ya kuruka, na chekilisti, yaani orodha za ukaguzi tunazosoma leo, zilishika kasi baada ya hapo. Ukikatizwa katikati ya ukaguzi, anza upya. Siyo ulipoishia, maana hukumbuki ulipoishia, anza upya kabisa. Na kwetu huku nyigu wanajenga kwa udongo, hata mrija wa kupimia kasi ukiacha wazi siku mbili wanaweza kuuziba, kwa hiyo kifuniko kiweke, na asubuhi kitoe kwa mkono wako mwenyewe, usiulize mtu kama kishatolewa. Ukikatizwa anza upya, narudia.

Siku hizi simu yangu inabaki kwenye begi mpaka nifunge mkanda. Bosi wa sasa nilimwambia siku ya kwanza tu, nikiwa nimeshika kikombe sipokei, hata kama abiria ni waziri.