Flashi moja kwa kompyuta za zamani na mpya

Je, flashi moja ya kusakinisha Windows 10 inatosha kwa kompyuta za zamani na mpya? Ndiyo, inatosha kwa za zamani zenye BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) na mpya zenye UEFI (mrithi wa BIOS), mradi iandaliwe kwa programu kama Rufus ikiwa imefomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili) na kugawanywa kwa mtindo wa MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski). Kinachowakwamisha wengi ni diski ya ndani: usakinishaji ukianzishwa kwa UEFI hudai diski ya GPT (mtindo mpya wa kugawa diski), na ukianzishwa kwa BIOS hudai MBR, ndiyo maana kwenye mashine zinazokubali njia zote mbili flashi ileile huonekana mara mbili katika menyu ya kuwashia, moja ikitanguliwa na neno UEFI, nawe huna budi kuchagua inayolingana na diski. Nimelishuhudia hili mara nyingi nikihudumia kompyuta za mtumba hapa Kariakoo. Tafadhali nakili kwanza mafaili ya mteja, kwa sababu kubadili mtindo wa diski wakati wa kusakinisha hufuta kila kitu. Angalia pia faili la install.wim, lenye Windows yenyewe ndani ya flashi, kwani likifika GB 4 FAT32 hailipokei. Windows 11 ni suala jingine, maana inahitaji UEFI pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta).